Shemeji Sikio, Mgonga Makomamanga

Kabla sijamsema shemeji yangu nijitaje mwenyewe kidogo, maana nisipojitaja hakuna atakayenitaja. Mimi ni fundi wa makasha katika banda la kufungashia makomamanga. Shule niliishia darasa la sita, lakini hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri nina la saba. Kasha nililolipigilia misumari mimi, hata likidondoka kutoka juu ya lori halifunguki. Sifa hiyo iweke pembeni, maana huko mbele itanigeuka.

Sasa shemeji. Alimwoa dada yangu zamani, nikiwa bado nina nywele, na tangu siku ile hatujapumzika kutaniana. Mimi ndiye niliyembatiza jina la Sikio, likamganda mpaka meneja naye analitumia. Si kwa sababu masikio yake ni makubwa, ingawa nayo si haba. Ni kwa sababu ya kazi yake.

Komamanga lina ugonjwa mmoja wa kinafiki. Huingia wakati wa maua, mvua ikinyesha, kupitia kwenye kile kitaji cha juu, ukajikalia humo kimya tunda likikua. Kwa nje ngozi inang'aa, huoni doa wala tundu. Ukilipasua, punje zote zimekuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Sisi tunauita moyo mweusi. Kwa macho huupati. Shemeji huusikia. Hulilaza tunda kwenye kiganja cha kushoto, hulipandisha mara moja kupima uzito, kisha huligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole cha kati, kichwa kikiliinamia, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Tunda zima hujibu kwa sauti iliyokaza. Bovu hujibu kwa sauti ya chumba kilichohamwa. Hayo ni maneno yake. Mimi nimegonga mpaka kidole kikavimba na sikuambulia sauti yoyote zaidi ya kidole chenyewe.

Kwa miaka thelathini na moja ya kuchuma, kikapu chake hakijakutwa na tunda jeusi hata moja. Wachumaji wengine walikuwa wakikikagua kwa chuki, wakitafuta moja tu wapumue. Hawakulipata.

Nyumba yake iko pembeni kabisa mwa shamba, na kutoka mlango wa jikoni hadi mkomamanga wa kwanza ni hatua tano. Safu mbili za mwanzo alizipanda dada yangu mwenyewe walipohamia pale, akizimwagilia maji aliyofulia nguo. Dada alifariki miaka sita iliyopita. Shemeji hakuoa tena na hakuhama. Kila asubuhi, kabla ya chai, hupita katikati ya safu zile mbili, anagusa shina moja moja. Nilimuuliza kama anaihesabu isije ikatoroka. Akaniambia kwamba mimi ndiye ningetoroka kama ningekuwa na mizizi. Jibu lenyewe halina maana, lakini alilitoa haraka, nami nikashindwa.

Mambo yalianza kuharibika pale meneja alipotangaza kwamba shamba halitakuwa tena na aina nne za makomamanga. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka aina moja, yenye sura moja na utamu mmoja. Zitapimwa zote nne, itakayoshinda itabaki, nyingine zitang'olewa kwa tingatinga. Na mpimaji atakuwa mpwa wangu.

Huyo mpwa wangu ni binti yao wa pekee. Amesoma mpaka akatupitiliza wote, na sasa ana chumba chake nyuma ya banda, chenye vigae vyeupe, mizani inayojua uzito wa unywele, na kidarubini unachodondoshea tone la juisi kisha unachungulia kwenye mwanga kikakuambia sukari. Nilichungulia siku moja, nikamwambia naona nyota. Akanitoa nje.

Aina zenyewe zilikuwa hizi. Kulikuwa na Damu, jekundu mpaka ndani, juisi yake haitoki kwenye shati. Asali, tamu lakini rangi yake imepauka, kama mtu aliyetoka kuumwa. Bi Harusi, mgeni wetu wa miaka minne: ngozi nyororo, punje kubwa, na mbegu laini ambazo unazitafuna bila kujua kama umetafuna. Kila aliyepita pale bandani alimpenda Bi Harusi. Na mwisho Kongwe, aina ya zamani, ile ya dada yangu. Kongwe ana ngozi nene kama soli, punje zinazokunja uso, na mbegu ngumu ambazo zilinivunja jino. Nilimpelekea shemeji jino lenyewe kama ushahidi. Akaligeuza geuza akasema jino ndilo lililokuwa limeoza, tunda halina kosa.

Kwa utamu Kongwe angeshindwa, kwa juisi angeshindwa, kwa ulaini ndiyo usiseme. Lakini mpwa wangu alinionyesha karatasi yake. Alama nyingi kuliko zote zilikuwa kwenye kipengele cha uzima wa ndani, kwa sababu tunda linakaa baharini siku kumi na tisa kabla ya kufika, na tunda jeusi moja mezani kwa mteja linatosha kumpoteza mnunuzi. Na hapo, akasema kwa sauti ya chini, ndipo Kongwe anapoweza kupona. Taji lake limefumba, mvua haipiti. La Bi Harusi limeachama.

"Usimwambie Baba," alinionya. "Nataka iwe haki. Akijua atakosa usingizi bure."

Sikumwambia. Ni mara moja tu maishani mwangu nimetunza siri, na ndiyo niliyopaswa kuitoa.

Kazi ya kuleta matunda ya kupimwa alipewa shemeji, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kulijua shamba. Mpwa wangu alimwandikia maagizo na kumsomea mara tatu: kila mti wa kumi, matunda matano, moja kila upande na moja katikati, lile ambalo mkono utaligusa kwanza, bila kuchagua. Shemeji akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Nami nilikuwepo, nikaongeza kwamba hata mimi ningeelewa, na nina la sita tu.

Kwa wiki mbili chumba kile cha vigae kilifanya kazi. Mpwa wangu alipima uzito, akapima unene wa ngozi, akahesabu punje, akakamua juisi kwenye silinda ya kioo na kuidondoshea dawa mpaka ibadilike rangi ili ajue ukali wake. Kwa ulaini wa mbegu walikaa kina mama watano wa bandani, wakatafuna na kutoa alama kuanzia moja hadi tano. Mimi nilijipachika kuwa wa sita. Nilimpa Kongwe tano, kwa ajili ya dada yangu, na jino langu likanishangaa. Karatasi yangu ilitupwa.

Matunda mia nne yalipasuliwa, mia kwa kila aina. Yenye moyo mweusi yalikuwa sifuri. Sifuri kwa Damu, sifuri kwa Asali, sifuri kwa Kongwe, na sifuri kwa Bi Harusi.

Basi Bi Harusi akawa wa kwanza na Kongwe wa mwisho, tena kwa umbali wa aibu. Meneja alichukua ripoti kabla wino haujakauka, na alasiri hiyo hiyo akaagiza miche.

Siku ya tatu mpwa wangu alinifuata kwenye meza yangu ya makasha. Hakuwa na rangi usoni. Aliniambia kwamba usingizi umekatika kwa sababu ya zile sifuri. Mvua ya wakati wa maua ilikuwa kubwa. Mia nne na hakuna hata moja, haiwezekani. Akachukua kikapu, akaniambia nimsindikize.

Tulikwenda kwenye mikomamanga ya Bi Harusi mchana wa jua kali. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni nzi. Chini ya mti wa kumi kulikuwa na matunda manne yameviringika kwenye majani makavu, ngozi zao bado nzuri, nzi wakizunguka kwenye mataji. Chini ya mti wa ishirini, matatu. Chini ya wa thelathini, sita. Mti wa kumi na moja, hakuna kitu. Wa kumi na mbili, hakuna kitu. Mpwa wangu alichutama akapasua moja kwa kisu chake. Likafunguka kama jiko lililozimwa jana.

Alichuma matunda ishirini kwa mkono wake, kwa maagizo yake mwenyewe, akayapasua pale pale juu ya jiwe. Matano yalikuwa meusi. Tukaenda kwa Kongwe, akachuma ishirini. Yote yalikuwa mazima, yamejipanga ndani kama meno ya mtoto.

Jumapili tulikula kwa shemeji, sisi watatu, mlango wa jikoni ukiwa wazi na kivuli cha mti wa kwanza kikigusa kizingiti. Mpwa wangu alisubiri baba yake anawe mikono.

"Baba, yale matunda ya kupima. Ulikuwa unayagonga?"

Shemeji alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavaa suruali.

"Mwanangu, sijawahi kuweka tunda bovu kwenye kikapu cha mtu," alisema. "Ningeanza kwako?"

Ndipo alipoelezwa. Alielezwa taratibu, na karatasi ikawekwa mezani kati ya sahani, na kidole cha binti yake kikawekwa kwenye kile kipengele chenye alama nyingi. Kwamba matunda mabovu ya Bi Harusi yalitakiwa yafike yakiwa mabovu. Kwamba kila alilolitupa chini lilikuwa alama ya Kongwe. Nilitafuta mzaha wa kupoza mambo, na kwa mara ya kwanza mfuko ulikuwa mtupu. Shemeji aliangalia nje, kwenye safu zile mbili. Kisha akauliza tingatinga linakuja lini. Jumanne, mpwa wangu alisema.

Jumatatu asubuhi alivaa shati la msibani, akaingia kwa meneja, na sisi wawili tukiwa nyuma yake. Alisema kosa ni lake, mpimaji hana kosa, na kipimo kirudiwe. Meneja ni kijana mtaratibu, hapandishi sauti, na mimi watu wasiopandisha sauti siwaamini. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaagiza kikapu cha Bi Harusi kutoka shambani, hakijachaguliwa, na kisu.

"Haya Mzee Sikio," alisema. "Niambie kila moja kabla sijalikata."

Shemeji alilaza la kwanza kiganjani, akagonga. "Zima." Meneja akakata, likawa zima. "Zima." Kweli. "Jeusi." Kisu kilipopita, mafundo ya masizi yakadondoka kwenye karatasi za meneja. Yalikatwa kumi na mawili. Hakukosea hata moja. Mimi, mjinga wa kuzaliwa, nilikuwa nimesimama pale kifua mbele, najivunia shemeji kimoyomoyo, nikidhani tumeshinda.

Meneja alifuta kisu kwa leso, upande mmoja, kisha wa pili.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza. "Bi Harusi ana ugonjwa, na dawa yake ni wewe. Utakaa bandani, kila tunda litapita mikononi mwako kabla halijaingia kwenye kasha."

Mpwa wangu alianza kusema kwamba matunda ya siku moja ni maelfu. Meneja aliinua kiganja, akamgeukia shemeji kwa upole. Aliuliza ni safu ngapi alizopanda marehemu. Mbili, shemeji alijibu. Basi hizo mbili zitabaki, akasema meneja. Zitabaki mpaka siku mnunuzi atakapomrudishia habari ya tunda moja jeusi. Siku hiyo nazo zitaondoka.

Shemeji alikubali. Na wewe ungekubali.

Jumanne tingatinga lilikuja. Kwa siku nne liling'oa Damu, Asali, kisha Kongwe, mti kwa mti, na mizizi ikabaki juu ikiangalia jua. Lilipofika kwenye safu mbili za dada yangu likazima. Dereva akashuka, akaenda zake. Nilidhani litaondolewa kesho yake, halikuondolewa. Limeegeshwa hapo hapo, mwisho wa safu, sahani yake ya chuma imelala chini kama kidevu, na asubuhi shemeji akimaliza kugusa shina la mwisho inambidi alizunguke ili apate njia ya kurudi kunywa chai.

Nilimtengenezea kiti cha kukalia bandani, chenye egemeo, kazi safi kabisa. Alikaa mwanzo wa mkanda wa mashine unaopitisha matunda, matunda yakimjia kutoka kwenye kreti, yeye anagonga, mazima anayaweka kwenye mkanda, meusi anayatupa kwenye pipa. Baada yake kuna brashi zinazozunguka kuyang'arisha, kisha mafeni ya kuyakausha, kisha kina mama wanaoyapanga, kisha mimi na nyundo yangu. Mpwa wangu aliambiwa kipimo chake kimekwisha, apime uzito wa makasha tu.

Sasa fikiria zile brashi na yale mafeni. Nimefanya kazi humo miaka kumi na minane na huwa tunaongea kwa mikono. Yalipokuwa yamezimwa, asubuhi, shemeji aligonga kama alivyogonga shambani, kichwa kimeinama. Yakishawashwa, aliendelea kugonga vile vile, mkao ule ule, kidole kile kile. Pipa la meusi, ambalo asubuhi lilijaa hadi nusu, mchana liliongezeka kidogo sana. Nililiona hilo. Nikajiambia labda matunda ya mchana ni mazuri zaidi. Mtu wa la sita anaweza kujiambia chochote.

Siku moja nilisimama nyuma ya kiti chake, mafeni yakiunguruma, nikamwita majina ambayo shemeji na shemeji huitana, mabaya kupita yote ninayoyajua. Hakugeuka. Nikacheka. Nikasema, leo nimempata.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nilichukua kutoka kwenye pipa tunda moja alilolitupa asubuhi, jeusi kwa neno lake mwenyewe. Nikalichora alama ya msalaba kwa penseli yangu ya ufundi, karibu na taji. Nikalitia katikati ya kreti lililokuwa linamfuata. Atalitupa, nilijiambia, na nitanyamaza. Asipolitupa, nitalidaka mwisho wa mkanda, nimwekee mapajani wakati wa chai, na mwaka mzima hatakuwa na la kuniambia.

Nilikwenda mwisho wa mkanda, nikasimama. Nilimwona akilishika, maana niliuona msalaba kwa mbali. Alilipandisha mara moja. Aligonga mara mbili, kichwa kimeinama. Akaliweka kwenye mkanda.

Likaingia kwenye brashi. Upande wangu yakatoka matunda, mekundu, yanang'aa, mamia, na hakuna hata moja lenye msalaba. Penseli. Brashi. Miaka kumi na minane ndani ya banda lile, na sikulifikiria hilo.

Niligeuza matunda kwenye mkanda mpaka kina mama wakanipiga mikono. Nilifungua makasha matatu yaliyokuwa yameshafungwa, na misumari yangu, misumari yangu ninayojisifia, ilinitoa jasho. Nikapasua matunda saba, yote mazima. Makasha yalikuwa arobaini, dereva wa lori ameshapiga honi mara mbili, na msimamizi anauliza fundi amepatwa na nini. Nikasema nilikuwa natafuta kipimo changu. Nikayapigilia upya, vizuri, maana mikono haijui kufanya vibaya.

Jioni nilipita kwa shemeji. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, analoweka mkono wa kulia kwenye beseni, kifundo cha kidole cha kati kimevimba kama punje. Mpwa wangu alikuwa ndani anapakua. Alinitazama dirishani, na nadhani aliona kitu, kwa sababu hakunitania, na kwetu asiyetania huwa anasubiri kuambiwa.

"Shemeji," alisema Sikio, "leo hakuna hata moja lililonipita."

Nikajifanya sijasikia, ili arudie. Akarudia. Nikamwambia ni kweli, mzee wangu, wewe ni noma. Nikakaa pembeni yake nikaangalia lile tingatinga, ambalo mtu alikuwa amekuja kulitia mafuta siku hiyo.

Siku kumi na tisa baharini. Leo ni ya kumi na nne. Bado sijamwambia mtu, nimeanza kwa kuandika. Kila asubuhi namsikia kutoka kwangu akipita katikati ya safu zile, anagusa shina moja moja, kisha anazunguka chuma.